Baharia wa Marekani karudi kuzikwa kwao. Wetu wa 1944 bado wako chini ya bahari

Kila baada ya muda stori kama hii hupita kwenye simu yako. Unaisoma dakika mbili, kisha unaendelea na mambo yako. Jeshi la Marekani limetambua mabaki ya baharia aliyekufa vitani zaidi ya miaka 80 iliyopita. Jeneza lililofunikwa bendera linashushwa kwenye ndege, magari yanasimamishwa barabarani, na wajukuu ambao hawakuwahi kumuona wamejipanga kumpokea. Anazikwa kwao.

Mtu atauliza: sasa hiyo inatuhusu nini sisi wa Ukunda, Diani na Msambweni? Wamarekani na mambo yao!

Inatuhusu, tena sana. Meli zilizobeba vijana wa Afrika Mashariki kwenda kwenye vita hivyo hivyo zilipita hapa Likoni, kwenye mkondo ule ule unaovuka na feri kila siku. Moja haikufika ilikokuwa ikienda. Waliozama nayo hawajarudi, na wengi wetu hata habari zao hatuna.

Mifupa 13,000 na damu ya mama

Kwanza tuelewe Wamarekani walifanya nini, maana watu hudhani ni miujiza. Ni uvumilivu, pesa na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri.

Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani walishambulia Pearl Harbor, Hawaii. Manowari USS Oklahoma ilipinduka na watu 429 wakafa. Miili ilitolewa pole pole wakati meli ikiinuliwa, na kufikia hapo mifupa ilikuwa imechanganyika. Baada ya vita wataalamu walitambua watu 35 pekee. Waliobaki wakazikwa Honolulu kwenye makaburi yasiyo na majina.

Mwaka 2015 idara ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayoshughulikia waliopotea vitani, DPAA, ilianza kufukua makaburi hayo. Ilitoa karibu mifupa 13,000. Meno yalilinganishwa na rekodi za daktari wa jeshi, na vipimo vya DNA vikalinganishwa na vya jamaa walio hai. Kufikia mwaka 2021 zaidi ya watu 350 walikuwa wamepata majina yao. Waliobaki walizikwa tena kwa heshima tarehe 7 Desemba mwaka huo, miaka 80 kamili tangu siku waliyokufa.

Kuna jambo hapa ambalo bibi yako wa Kidigo angelielewa kabla ya profesa kumaliza kueleza. Aina moja ya DNA inayotumika sana katika kazi hii hurithiwa kwa mama peke yake. Ukitaka kumtambua mwanamume aliyekufa bila mtoto, mtafute dada yake, au watoto wa dada yake, au watoto wa mabinti wa huyo dada. Mjomba na mpwa! Wadigo wa zamani walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, na leo maabara inafuata njia hiyo hiyo.

Meli iliyotoka Kilindini

Sasa turudi kwetu. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Waingereza waliona hatari, wakahamishia manowari zao za Bahari Hindi Kilindini. Mombasa ikajaa mabaharia. Skuli ya Allidina Visram, ile ya pale ufukweni, iligeuzwa kituo cha kunasa na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano zilizobeba wanajeshi uliondoka Kilindini kuelekea Colombo. Miongoni mwao ilikuwa SS Khedive Ismail, meli ya abiria iliyojengwa mwaka 1922 na kuchukuliwa na Waingereza kwa kazi ya vita. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa zaidi, karibu watu 1,000, lilikuwa la Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia mabaharia wa Kiingereza, wauguzi wengi wa kike, na mwandishi wa habari Kenneth Gandar-Dower, yule aliyewahi kupeleka duma kutoka Kenya hadi Uingereza wakashindane mbio.

Mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Hebu fikiria. Huo ni muda mfupi kuliko feri inavyochukua kushusha magari upande wa Likoni.

Yaliyofuata ni mabaya zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya mahali waliponusurika walipokuwa wakielea. Manowari mbili za kulinda msafara, Petard na Paladin, ziliamua kuwa isipozamishwa itaua wengine kwenye meli zilizobaki. Zikarusha mabomu ya majini pale pale, na baadhi ya waliokuwa wameokoka wakafia humo. Nyambizi ilizamishwa. Waliookolewa kutoka Khedive Ismail ni wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa ni 1,297.

Hiyo ni miongoni mwa meli zilizoua watu wengi zaidi upande wa Waingereza na washirika wao katika vita vyote vile. Na safari ilianzia hapa. Uliwahi kuisikia skuli? Mimi sikuisikia.

Kwa nini wao hurudishwa na wetu hawarudishwi

Jibu la kwanza ni la haki kabisa: bahari ile ni ya kina kirefu na hakuna jeneza litakalotoka kule. Meli kama hiyo huhesabiwa kuwa kaburi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi yasichokorwe. Hata hivyo huko Bahari ya Java manowari kadhaa za Kiholanzi na Kiingereza zilikutwa mwaka 2016 zimekatwa na kuibwa na watafuta vyuma chakavu.

Jibu la pili ni la sera. Marekani iliwapa wazazi na wajane nafasi ya kuamua: mwanao azikwe ng'ambo au arudishwe. Waingereza walikataa tangu Vita vya Kwanza. Aliyekufa alizikwa alipoangukia, awe mtoto wa tajiri au wa mkulima. Mwaka 1917 wakaunda tume ya makaburi ya vita, inayojulikana leo kama CWGC, kwa ahadi kwamba wote watakumbukwa sawa bila kujali cheo, rangi wala dini.

Ahadi nzuri sana kwenye karatasi. Katika Vita vya Kwanza hapa Afrika Mashariki haikutimizwa. Wapagazi waliobeba risasi na vyakula vya jeshi kwa vichwa na mabega walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuharisha na malaria. Hao ndio Carrier Corps, na jina lao tumelitafuna likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Unanunua viatu Kariokor na hujui unakanyaga jina la kikosi cha watu waliokufa.

Aprili 2021 CWGC yenyewe ilitoa ripoti ikakiri. Watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti inaonyesha jinsi gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alivyoona ni afadhali makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Kilichosukuma uchunguzi huo ni filamu ya mwaka 2019 ya mbunge David Lammy, ambaye alikuja mpaka Voi kutafuta makaburi ya wapagazi.

Kwa Vita vya Pili hali ilikuwa bora kiasi. Kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, upo Mnara wa Afrika Mashariki wenye majina ya wanajeshi wasio na makaburi, wakiwemo waliozama na Khedive Ismail. Kwa hivyo majina yapo. Ila kutoka Lunga Lunga hadi Barabara ya Ngong ni safari, na nyanya aliyengoja barua mwaka 1944 hakuna aliyempeleka.

Kwale nayo ilikuwa uwanja wa vita

Usidhani vita vilikuwa vya kule mbali tu. Oktoba 1914 Wajerumani waliovuka kutoka Tanganyika walipigana na Waingereza hapa Gazi, kijiji unachokijua kwa mikoko na daraja lake la mbao. Januari 1915 vita vikali vilipiganwa Jasin, ng'ambo kidogo tu ya mpaka ukitoka Vanga. Januari 1916, kule Mwele, Meja Arthur Wavell aliuawa akiongoza kikosi cha Waarabu alichokiunda Mombasa.

Wavell ni mtu wa ajabu. Mwaka 1908 alijigeuza kuwa Mwislamu akaenda hadi Makka, pamoja na mwenzake mmoja Mswahili wa Mombasa. Leo ana mnara wa kumbukumbu Mombasa, karibu na Fort Jesus. Watalii huupiga picha.

Mimi sina ugomvi na mnara wa Wavell. Aliyekufa ana haki ya kukumbukwa. Swali langu ni kuhusu watu wa Gazi, Vanga na Mwele: waliopigana, waliobebeshwa mizigo, waliochomewa vitu vyao. Mnara wao tutaupiga picha wapi?

Bila mwili, hakuna cheti

Hapa ndipo mambo yanapoacha kuwa historia na kuingia nyumbani kwako.

Mtu akifa Pwani tunajua la kufanya. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, huzikwa upesi. Watu hukaa matanga, hitima husomwa, mjane huingia eda ya miezi minne na siku kumi. Kila hatua ina mlango wake, na mlango wa kwanza ni kujua kwamba amekufa. Aliyezama baharini Uislamu umemweka katika daraja la mashahidi, na madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, yanaruhusu kumswalia maiti asiyekuwepo. Lakini utamswalia mtu ambaye huna hakika kama yu hai?

Ndiyo maana aliyepotea hutesa familia kuliko aliyekufa. Mke hajui kama ni mjane. Ndugu hawawezi kugawa shamba, na kwa mambo ya Kiislamu itabidi kadhi aamue. Kwa sheria ya nchi, kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia hudhaniwa amekufa. Miaka saba! Muda wote huo pesa za benki zimelala na shamba la urithi halina mwenyewe. Na sote tunajua shamba lisilo na mwenyewe katika kaunti hii hukaa muda gani kabla mtu mwingine hajatokea na karatasi.

Kwa hivyo Mmarekani anapotambua mfupa, anampa mtu kaburi na anaipa familia jibu. Jibu hilo lina thamani hata baada ya miaka 80.

Sisi wenyewe tunafanyaje?

Kuwalaumu Waingereza ni rahisi. Tujitazame na sisi.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ilishambuliwa El Adde, Somalia. Miili iliporudishwa, mingine ilibidi itambuliwe kwa DNA. Lakini serikali haijawahi kutangaza rasmi idadi kamili ya waliokufa. Familia zinajua mtu wao hayupo. Nchi haijaambiwa ni wangapi.

Mwaka 2023 ikaja Shakahola, jirani zetu wa Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Familia zilitoa sampuli za DNA, zikangoja. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mmojabaadaye. Wengine walizidi kungoja.

Hapa Kwale kuna nyumba zinazongoja kwa sababu nyingine. Mashirika ya haki kama Haki Africa na MUHURI yameandika kwa miaka kuhusu vijana wa Pwani waliochukuliwa na watu wasiojulikana na hawakuonekana tena. Mama zao hawana kaburi wala cheti.

Na sasa kuna hili la Urusi. Mwishoni mwa mwaka 2025 Waziri Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine. Baadhi walidanganywa kwa ahadi za kazi za kawaida. Mwaka 1944 kijana alipanda meli Kilindini akijua anakwenda vitani. Mwaka 2025 kijana amepanda ndege akidhani anakwenda kuwa dereva au mlinzi. Wa kwanza alikuwa na namba ya jeshi na jina kwenye daftari. Wa pili akifa kwenye handaki, nani ataandika jina lake?

Halafu ikumbuke Likoni. Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri likiwa na mama na mwanawe. Nchi nzima ilisimama. Wanamaji walipiga mbizi, wapiga mbizi wa Afrika Kusini wakaja, na baada ya siku 13 gari lilipatikana kwenye kina cha takriban mita 58 na miili ikatolewa. Hakuna aliyesema waachwe tu, bahari ndiyo kaburi. Tulisumbua mpaka ikawezekana. Kumbe tukitaka, tunaweza.

Jina linaweza kurudi hata kama mwili hauwezi

Kwa maoni yangu familia ya aliyekufa mbali ina haki tatu, na ziende kwa mpangilio: kujua, kutajwa, kisha kurudishwa. Hiyo ya tatu wakati mwingine haiwezekani, hata kwa tajiri. Za kwanza mbili hazina kisingizio.

Afrika Kusini wameonyesha mfano. Januari 2025 CWGC ilizindua mnara Cape Town kwa ajili ya watu 1,772 wa Vita vya Kwanza, wengi wao weusi, waliofanya kazi za jeshi bila kubeba silaha na hawakuwa na kaburi linalojulikana. Kila mmoja amewekewa nguzo ya mvule yenye jina lake. Hawakuletwa mifupa. Waliletwa majina, na wajukuu walikuja kugusa nguzo.

Kwale haihitaji kungoja London ili kufanya la kwake. Serikali ya kaunti inaweza kuweka kibao Gazi na kingine Mwele. Skuli zinaweza kufundisha Khedive Ismail siku ile ile zinapofundisha Pearl Harbor. Na wewe mwenye simu una kazi tatu ndogo.

Ya kwanza, kaa na mzee. Muulize kama kuna babu au mjomba aliyekuwa keya au mpagazi. Uliza jina kamili, jina la baba yake, kijiji, mwaka aliotoka. Rekodi kwa sauti, maana mzee huyo hatakungoja.

Ya pili, angalia sandukuni. Medali, barua, kipande, picha yenye mhuri: namba ya jeshi inaweza kuwa hapo. Usiuze medali kwa mtu wa vyuma.

Ya tatu, tafuta. Tovuti ya CWGC ina orodha ya majina na kuisoma ni bure, unalipia bando lako tu. Jaribu tahajia kadhaa, kwa sababu karani wa Kiingereza aliandika jina la Kidigo kama alivyolisikia. Juma anaweza kuwa ameandikwa hivyo hivyo, lakini Mwakulola au Mwachirumu anaweza kuwa ametoka vingine kabisa. Ukiona kosa au jina lisilokuwepo, waandikie na utume ushahidi ulio nao.

Na kama una rafiki anayeahidiwa kazi ng'ambo na mtu aliyekutana naye mtandaoni, mwambie kabla hajaondoka aache nyumbani nakala ya pasipoti, mkataba na jina la aliyempeleka. Najua haipendezi kumwambia mtu anayesherehekea viza. Mwambie tu.

Tarehe 12 Februari ikifika tena, ukiwa kwenye feri ya Likoni, tazama upande mkondo unapotokea bahari kuu. Meli tano zilipita hapo. Kama kuna dua unayoijua, wasomee. Wamengoja muda mrefu.